Kugeuza Kibao: Mwongozo Kamili wa Kuandika Maandishi Yanayobadilishana Nafasi za Mwanamume na Mwanamke

Aliyekulia ndani ya mfumo dume hauoni. Kwake hayo ndiyo maisha. Mwambie kwamba si haki binti kukatizwa masomo ili aolewe, naye atakujibu kwa hoja alizozisikia tangu utotoni. Zinamtoka kwa wepesi kwa sababu hazijawahi kumhusu yeye. Mbinu ya kugeuza kibao inampita kwa mlango mwingine. Unachukua desturi, kauli au sheria inayomhusu mwanamke, unamweka mwanamume mahali pake, na mengine yote unayaacha kama yalivyo. Msomaji akishtuka, kilichomshtua ni desturi yake mwenyewe.

Sharti ni hilo la mwisho: mengine yote yabaki kama yalivyo. Ukitia chumvi, msomaji atashtushwa na chumvi yako, na ataondoka akiwa na sababu halali ya kukupuuza. Ndiyo maana katika kazi hii saa nyingi huenda kwenye kukusanya maneno ya watu kuliko kwenye kubuni. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika kwa Kiswahili makala, hadithi fupi au andiko la mtandaoni lenye maneno kati ya 300 na 1,500.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja lenye mtendaji, mahali na siku

Usijaribu kugeuza "maisha ya wanawake". Chagua tukio: usaili wa kazi, kikao cha mirathi, kicheni pati, kaunta ya polisi, mahojiano ya redioni na mbunge. Kisha liseme katika sentensi moja fupi yenye mtendaji. "Mwajiri humuuliza mwombaji wa kike kama ana mpango wa kuzaa karibuni." Hiyo inafaa, maana ukiigeuza unaona papo hapo mwanamume amekaa kitini, vyeti mkononi, akiulizwa kuhusu uzazi. "Jamii humkandamiza mwanamke" haifai. Ukiigeuza unapata "jamii humkandamiza mwanamume", na hakuna picha iliyoingia kichwani mwa yeyote.

Yanayogeuka vizuri ni yale yanayosemwa kwa sauti bila aibu: ushauri wa ndoa, maswali ya wanahabari, vifungu vya sheria, sifa za "mke mwema", matangazo ya sabuni. Mengine hayageuki, na ni bora kuyajua mapema. Ukeketaji ukiugeuza unamfikisha msomaji moja kwa moja kwenye jando, naye ataanza kubishana juu ya tohara ya wavulana, jambo tofauti kabisa. Ujauzito na kujifungua navyo havina mahali pa kuhamia. Geuza yale ambayo watu wameyajenga juu yake, kwa mfano nani anaamka usiku mtoto akilia. Ukatili wa kingono unaweza kugeuzwa, lakini unataka mkono uliokwisha zoea. Usiwe andiko lako la kwanza.

Hatua ya 2: Fungua daftari la safu mbili

Safu ya kushoto andika maneno halisi, kama yalivyosemwa au kuchapishwa, pamoja na mahali ulipoyapata. Safu ya kulia andika geuzo lake. Kusanya angalau maneno ishirini ingawa utatumia saba au manane. Hayo mengine ndiyo yatakayokupa uhakika wa kuchagua. Kila mstari utakaoingia kwenye andiko lazima uwe na mwenzake wa kushoto. Usio na mwenzake ufute, hata kama umekupendeza kuliko yote.

Sheria ni chimbuko zuri kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa haiwezi kusingiziwa. Chukua Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa chini wa kufunga ndoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke. Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba msichana ambaye hajafikisha miaka 18 apate ridhaa ya baba yake. Baba akiwa amefariki, ya mama. Wote wakiwa wamefariki, ya mlezi. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliona kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Sasa vigeuze:

"Mvulana wa miaka 15 anaweza kuolewa iwapo mama yake ameridhia. Mama akiwa amefariki, ridhaa itatolewa na baba. Msichana asubiri hadi atimize miaka 18, ndipo aoe."

Hapo yamegeuzwa mambo mawili. La kwanza, umri, kila mwandishi huliona. La pili ni mpangilio wa ridhaa: katika sheria halisi baba hutangulia na mama hungoja kifo chake, kwa hiyo katika geuzo mama ndiye atangulie. Wengi hulisahau hili, na geuzo lao hubaki nusu: mvulana anaozwa, lakini na baba yake, na msomaji anaona mamlaka bado yako pale pale. Pitia kila neno la safu ya kushoto ukiuliza: hapa mwenye kauli ni nani?

Hatua ya 3: Amua ni aina gani ya kugeuza

Kuna njia kuu nne, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni *kugeuza sentensi*. Unachukua kauli moja na kuibadilisha mtu. "Mbunge huyo, baba wa watoto watatu, alivaa suti ya kijivu iliyomkaa vyema, na alipoulizwa anawezaje kulea huku akihudumia jimbo alitabasamu." Inatosha kwa andiko fupi la mtandaoni. Haibebi zaidi ya maneno mia mbili.

Ya pili ni *kugeuza hoja*, na kwa mwandishi wa makala ndiyo yenye makali zaidi. Mwaka 1915 wanawake wa jimbo la New York walikuwa wakidai kura, na wapinzani wao walikuwa na orodha yao ya sababu: mahali pa mwanamke ni nyumbani, atapoteza mvuto wake, ana hisia mno. Alice Duer Miller, aliyekuwa na safu gazetini, akaandika sababu tano za kuwanyima wanaume kura. Mahali pa mwanamume ni kwenye ghala la silaha. Mwanamume kamili hapendi kumaliza jambo ila kwa kupigana. Akianza kutumia njia za amani, wanawake hawatamheshimu tena. Atapoteza mvuto akitoka nje ya mambo yake ya asili, yaani mapambano, sare na ngoma. Na ana hisia kali mno kupiga kura, kama inavyoonekana kwenye michezo ya besiboli na mikutano ya vyama.

Angalia alivyoijenga. Muundo ni wa wapinzani: orodha yenye namba, kila sababu ikianza na "kwa sababu". Idadi ni tano tu; ya kumi ingechosha. Na ushahidi wake ni jambo ambalo kila msomaji wa New York alikwisha kuliona kwa macho yake. Hicho ndicho cha kuiga. Anayeandika leo Dar es Salaam kujibu hoja kwamba mwanamke ana hisia mno kushika madaraka ana ushahidi uleule mkononi: mashabiki wazima wakilia, wakikosa usingizi na kugombana vibarazani kwa sababu ya matokeo ya Simba na Yanga, bila yeyote kuwaambia kwamba wamepoteza sifa ya kuongoza. Usiseme wanaume wote wako hivyo. Sema tu: tukitumia kipimo hiki, tuwapime na hawa.

Ya tatu ni *kugeuza msemaji*. Dunia inabaki kama ilivyo, ila anayezungumza amekalia kiti kisicho chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Judy Brady wa Marekani aliandika insha fupi ambamo yeye, mke wa mtu, anasema naye anataka mke. Kisha anataja kazi za mke huyo moja baada ya nyingine: watoto, nguo, chakula, wageni, kutomchosha mwenye nyumba kwa malalamiko. Hakuna mwanamume anayedhalilishwa mle. Orodha inafanya kazi yote. Njia hii ni salama kwa anayeogopa kuonekana anachukia wanaume, na Kiswahili kinaibeba kwa wepesi kwa sababu orodha ya kazi za nyumbani kila mtu anaijua kwa moyo.

Ya nne ni *kugeuza dunia nzima*, na hapa ndipo penye hatari na utajiri. Mfano bora bado ni hadithi ya Rokeya Sakhawat Hossain wa Bengal, *Sultana's Dream*, iliyotoka mwaka 1905 katika jarida la wanawake lililochapishwa Madras. Yeye mwenyewe aliishi kwenye jamii iliyowafungia wanawake wa Kiislamu wa tabaka lake katika sehemu ya ndani ya nyumba, zenana. Katika hadithi, msimulizi anajikuta mjini mchana, mitaani hamna mwanamume hata mmoja. Wote wamewekwa ndani, katika sehemu yao. Wanawake wanaendesha vyuo vikuu, wanavuna joto la jua na kulitumia kupikia. Msimulizi anapotembea kwa haya, wapita njia wanasema ana tabia za kiume, maana katika nchi ile wenye haya na woga ni wanaume.

Hadithi hiyo inafaa kusomwa kwa kalamu mkononi, kwa sababu mwandishi alijibu hoja moja ya wakati wake kwa ukamilifu: kwamba wanawake hufungiwa kwa usalama wao. Mwenyeji wa msimulizi anauliza, wendawazimu wakitoroka na kudhuru watu, anayefungiwa huwa nani, wazima au wendawazimu? Msimulizi anasema wanaume wana nguvu zaidi. Anajibiwa kwamba simba naye ana nguvu kuliko binadamu, wala hamtawali. Kila swali la msimulizi ni swali la msomaji wa 1905, na linaulizwa kwa adabu, si kwa ujinga. Ukijenga dunia iliyogeuzwa, weka ndani yake mgeni wa namna hiyo. Bila mgeni, msomaji hana wa kumsemea pingamizi zake, atazibeba hadi mwisho na kufunga andiko nazo.

Hatua ya 4: Shughulikia Kiswahili chenyewe

Waandishi wa Kiingereza hugeuza mengi kwa kubadilisha viwakilishi tu. Sisi hatuna njia hiyo: "alimpiga", "yeye", "wake" havisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Uzito wa kugeuza unahamia kwenye majina ya watu, vitenzi vya ndoa, namna ya kuitana, na maneno *kike* na *kiume*.

Majina yawe yasiyo na shaka. Hamisi, Juma, Rehema, Mwanahawa. Epuka Furaha na Amani, na mengine ambayo sehemu moja hupewa wavulana na kwingine wasichana. Geuzo litapotea bila wewe kujua.

Vitenzi vya ndoa ndivyo vyenye nguvu kuliko vyote: kuposa na kuposwa, kuoa na kuolewa, kuoza, kuacha na kuachwa. Mwandishi mwoga hukimbilia "walifunga ndoa" na geuzo lote linayeyuka. Lakini kuna mtego. Mtaani, kumwambia mwanamume kwamba "ameolewa" ni kumtukana, hivyo neno likitokea mahali pa kung'aa msomaji atacheka na kudhani ndiyo shabaha yako. Dawa ni kulipitisha kimyakimya, ndani ya sentensi inayozungumzia jambo jingine: "Tangu Hamisi aolewe, mama yake analima peke yake." Litumie mara tatu ndani ya aya mbili za mwanzo. Ya kwanza itamkwaza, ya pili ataisoma, ya tatu hataiona.

Namna ya kuitana. Katika maisha ya kawaida mwanamke akishazaa hupoteza jina lake mtaani na kuwa Mama Asha, huku mumewe akibaki Injinia au Mwalimu fulani. Geuza: mwite mwanamke Injinia Rehema kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na mumewe awe Baba Asha tu, asitajwe jina hata mara moja. Watu wachache watajua kinachowasumbua, lakini kitawasumbua.

*Kike* na *kiume* zifuatilie kote. "Jikaze kiume" iwe "jikaze kike". Rokeya alifanya hivyohivyo na sifa ya kiume. Mara mbili zinatosha. Zaidi ya hapo inakuwa mchezo wa maneno.

Usibuni msamiati mpya. Gerd Brantenberg wa Norwei, katika riwaya yake ya mwaka 1977 kuhusu nchi ambamo wanawake wanatawala na wanaume wanalea, alilazimika kuunda maneno kwa kuwa lugha yake ilimchanganya "mtu" na "mwanamume". Kiswahili hakina haja hiyo. *Mwali*, *kungwi*, *mjane* yanampokea mwanamume bila kubadilika herufi.

Ukosefu wa viwakilishi vya jinsia unakupa pia kitu ambacho mwandishi wa Kiingereza hukipata kwa shida: unaweza kuficha jinsia ya mhusika bila kutumia hila. Soma:

"Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akawasha jiko, akawaandaa watoto wawili wa shule, akaloweka sare, kisha akaenda kazini. Aliporudi jioni alimkuta mwenzake sebuleni akitazama mpira. 'Leo tunakula nini?' mwenzake akauliza. Hamisi akavua viatu, akaingia jikoni. Rehema akaongeza sauti ya runinga."

Jina limecheleweshwa kwa maneno thelathini hivi, na msomaji amekwisha kujaza mwanamke mwenyewe. Usivuke maneno themanini, ataanza kunusa. Chunga vitu vinavyofichua mapema: kanga, msuli, ndevu, kusuka, kunyonyesha. Na jina likija, lije kama mtendaji wa jambo dogo. Ukiandika "Naam, alikuwa ni Hamisi!" umemnyang'anya msomaji ugunduzi wake.

Hatua ya 5: Andika rasimu kwa sauti iliyopoa

Msimulizi wa dunia iliyogeuzwa haoni ajabu yoyote. Kwake hivyo ndivyo mambo yalivyo. Ondoa "ajabu ni kwamba", "hebu fikiria", alama za mshangao, na kila kivumishi kinachotoa hukumu. Geuzo la kwanza lionekane ndani ya sentensi mbili za mwanzo. Huu hapa mfano wa kicheni pati:

"Hamisi aliingia ukumbini saa kumi na mbili jioni, kichwa chini, katikati ya baba zake wadogo wawili. MC akawaomba wajomba wapige makofi kwa kijana aliyejitunza. Zawadi zilipangwa mezani: jiko la gesi, seti ya sufuria, pasi, blenda. Mzee Salehe, kungwi wake, akakaa mbele yake na kushika kipaza sauti. 'Mwanangu, mke ni mtoto. Akichelewa kurudi usimuulize alikuwa wapi, muulize kama amekula. Simu yake si yako. Maneno ya nje yaache nje. Nyumba huvunjwa na mume asiye na subira.' Wajomba wakaitikia. Mjomba wa mwisho, ambaye mkewe alimwacha mwaka juzi, hakupewa nafasi ya kuzungumza."

Kila kitu hapo kina mwenzake wa kushoto kwenye daftari. Zawadi hazikubadilishwa, na hilo ni la makusudi: vyombo vya jikoni hupewa atakayevifanyia kazi, kwa hiyo jiko linamfuata Hamisi. Mwandishi asiye makini angempa Hamisi zawadi za "kiume" na kuua maana. Nasaha ni chache tu, fupi, zenye mapigo ya kungwi halisi. Na sentensi ya mwisho inaonyesha gharama bila kuitaja: aliyeachwa haonekani kuwa na la kufundisha, ingawa ndiye anayejua zaidi. Katika rasimu yako tafuta sentensi moja ya aina hiyo. Moja tu.

Hatua ya 6: Pitia penye kuharibika

*Mwanamume wa kuchekesha.* Hili ndilo kosa baya kuliko yote, na ndilo rahisi, kwa kuwa vichekesho vyetu vimetuzoeza mwanamume aliyevaa wigi na kanga akiongea kwa sauti nyembamba. Kicheko kile kinategemea imani kwamba kufanya ya kike ni fedheha. Ukikitumia, umeitetea imani uliyokusudia kuivunja. Hamisi asivalishwe nguo za mwanamke wala asibadilishwe sauti. Aendelee kuwa mwanamume mwenye akili na heshima zake, ila dunia imempangia kazi nyingine.

*Kisasi.* Inasimuliwa kwamba mume wa Rokeya, alipomaliza kuisoma hadithi, aliiita kisasi cha kutisha. Msomaji wako naye atakuwa na hofu hiyo. Usiwafanye wanawake wa dunia yako kuwa wakatili kuliko wanaume wa dunia halisi. Ikiwa kwa kawaida mke hufokewa, mume wako afokewe. Asipigwe kwa sababu tu umekasirika. Ukitaka kuonyesha kipigo, hakikisha daftari lina kipigo, na jibu lilelile la jamaa: vumilia, kila nyumba ina mambo yake.

*Dunia nusu.* Anayegeuza dunia nzima apitie orodha hii kabla ya kuandika: nani anatoa mahari, nani anahama kwao, watoto wanabeba jina la nani, shamba limeandikwa kwa nani, nani anakaa eda na kwa muda gani, polisi wanamsikiliza nani. Si lazima yote yaonekane, lakini ukiyaacha bila kuamua yatagongana. Pia jua unamwandikia nani. Kwa Wamakonde, Wayao na Waluguru, ambako ukoo ulifuata upande wa mama, mwanamume kuhamia kwa wakwe si geuzo. Ni jambo ambalo babu alilifanya. Kwa Wakurya wa Mara, ndoa ya nyumba ntobhu humruhusu mwanamke kumwoa mwanamke ili kupata watoto na kulinda mali. Sentensi "Rehema alimwoa" peke yake haitamshtua msomaji wa Tarime kama itakavyomshtua wa Tanga.

*Mavazi na dini.* Filamu fupi ya Kifaransa ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Éléonore Pourriat, ilimwonyesha baba wa nyumbani akisumbuliwa mitaani na wanawake, na ilisambaa sana mtandaoni miaka minne baadaye. Ilisifiwa, lakini kipande chake kimoja, cha mlezi wa kiume aliyefunikwa kichwa, kilikosolewa kwa kuwasemea wanawake wa Kiislamu kile ambacho hawakukisema. Lichukue kwa uzito, hasa ukiandikia pwani. Usigeuze buibui ikiwa wewe si mvaaji wala hujawasikiliza wavaaji. Usigeuze aya za Kurani wala za Biblia. Geuza maneno ya watu wanaozitumia kunyamazisha wenzao. Na chagua shabaha yenye nguvu. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 mara nyingi huchaguliwa, kwa kuwa unamfunza binti kumridhisha mume. Ule ni wosia wa mama mgonjwa kwa bintiye. Ukitaka sauti ya wosia, andika wosia wako mpya wa baba kwa mwanawe wa kiume, na beti za Mwana Kupona uziache kwa heshima.

*"Na wanaume je?"* Pingamizi hili halikwepeki: wanaume nao wanaumia, wanabebeshwa gharama zote, hawaruhusiwi kulia. Ni kweli. Dunia nzima iliyogeuzwa ina nafasi ya kulijibu, kwa kumwonyesha Rehema akilemewa na madeni ya ada na asiweze kumwambia mtu, kwa sababu mwanamke halalamiki. Aya moja ya namna hiyo humfungua msomaji wa kiume kuliko kurasa tatu za lawama. Katika andiko fupi usijaribu, halina nafasi.

Hatua ya 7: Toka kwenye geuzo

Usieleze ulichokifanya. Una njia tatu za kutoka. Unaweza kukata palepale tukio linapoisha. Unaweza kurudisha uhalisi kwa sentensi moja kavu, kwa mfano kunukuu kifungu halisi cha sheria chini ya geuzo lake, bila neno la kuongeza. Au, ikiwa ni makala ya hoja, unatoka katikati ya andiko na kutumia nusu ya pili kusema unachodai: sheria ipi ibadilishwe, swali lipi lisiulizwe kwenye usaili, nani wa kulifanya. Hii ya tatu ndiyo tunayoipendelea kwa magazeti, kwa kuwa msomaji aliyeshtuka huuliza "kwa hiyo?", na asipojibiwa mshtuko unapita.

Hatua ya 8: Jaribu kwa wasomaji watano kabla ya kuchapisha

Angalau wawili wawe wanaume na mmoja awe mtu mzima wa rika la wazazi wako. Usiwaambie andiko linahusu nini. Waombe wasome kwa sauti, na uweke alama pale wanaposita. Kisha waulize jambo moja tu: "Kipi hapa hakiwezi kutokea?" Msomaji akijibu "mwanamume hawezi kukubali hivyo", geuzo linafanya kazi, amekwisha kukiri kwamba ni jambo lisilokubalika. Akijibu "hakuna mtu anayefanya hivyo hata kwa mwanamke", rudi kwenye daftari, maana mstari huo una chumvi au hauna chanzo. Watatu wakicheka mahali pamoja, pachunguze: wanamcheka Hamisi, au wanaicheka kauli waliyoitambua? Cha kwanza kifute.

Jambo la mwisho ni la usalama. Kwenye WhatsApp picha ya aya moja huzunguka bila kichwa cha habari wala jina la mwandishi, na kifungu cha sheria kilichogeuzwa kinaweza kuaminiwa kuwa sheria mpya. Andika "hadithi ya kubuni" ndani ya aya yenyewe au kwenye picha utakayoituma, si juu ya ukurasa tu. Geuzo la kisheria liambatane na kifungu halisi ndani ya picha ileile. Usitumie nembo ya serikali, jina la gazeti lililopo, wala jina la mtu halisi kama mhusika.